Valvu za nguvu za Fender Bassman ya miaka ya 70: ninunue zipi?

BesiTanga

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga besi, niko Tanga. Mjomba wangu alikuwa baharia, na mwaka huu familia imenikabidhi amplifaya yake: Fender Bassman ya miaka ya 70, ile yenye uso wa rangi ya fedha, wati 50, pamoja na kabati lake la spika mbili za inchi 12. Nikiwa mtoto nilikuwa nakaa mbele ya hilo kabati nasikia kifua kinatetemeka, kwa hiyo kwangu hii si mashine tu.

Shida yake: ukiiwasha inaimba vizuri, ila baada ya kama dakika ishirini inaanza kuvuma, sauti za chini zinalegea, na ukizima taa ya chumba unaona doa jekundu kwenye sahani (kile kibati cha ndani) ya valvu moja kubwa, zile taa za kioo zinazokuza sauti. Valvu zenyewe maandishi yamefutika, nasoma 6L6GC tu.

Nataka kubadilisha zote mbili. Nimeona chapa za JJ, Electro-Harmonix, Tung-Sol, Sovtek, na bei zinapishana sana. Muuzaji mmoja ameniambia niweke valvu za aina nyingine, KT88, nitapata nguvu zaidi. Mwingine anasema EL34. Naombeni ushauri wa mtu aliyewahi kushika hizi kitu kwa mikono yake.

Mwanamuziki254

Kaka, tafuta valvu za RCA za zamani ambazo hazijawahi kutumika, zile zenye sahani nyeusi. Hizi za siku hizi hazina joto la sauti. Utalipa sana lakini hutajuta.

FundiValvu_Msa

BesiTanga, pole kwa mvumo na hongera kwa urithi. Mimi nilianza na redio za valvu pale Mombasa nikiwa mwanafunzi wa fundi mmoja mzee, na Bassman nimefungua kadhaa. Nakuomba kitu kimoja: usinunue chochote bado. Na usiiwashe tena mpaka ipimwe. Ukiona sahani inawaka nyekundu, zima papo hapo. Kila dakika unayoiacha hivyo unakula transfoma ya kutolea sauti, na hiyo ndiyo roho ya amplifaya yako.

Valvu kuwa nyekundu maana yake inapitisha mkondo mwingi kuliko inavyoweza kumudu. Watu wengi wakiona hivyo wanasema valvu imekufa, wananunua mpya, wanachomeka, na baada ya wiki mpya nazo zinawaka. Mara nyingi aliyekosa si valvu. Valvu hizi zinazuiwa na volti hasi inayokwenda kwenye gridi (waya wa ndani unaodhibiti mkondo), mguu wa 5. Sisi mafundi tunaiita bayasi. Ikipungua, valvu inaachiliwa kama ng'ombe aliyekatika kamba. Na bayasi hupungua kwa sababu mbili za uzee. Ya kwanza, kapasita (kifaa kinachotunza chaji) ya bayasi yenyewe, ya elektroliti, ambayo baada ya miaka hamsini imekauka. Ya pili, kapasita za kuunganisha za maikrofaradi 0.1 zinazotoka kwenye valvu ndogo ya 12AT7: moja ikivuja, inapenyeza volti chanya kwenye gridi ya valvu moja tu. Zikipata joto huvuja zaidi. Dakika zako ishirini zinanifanya nishuku hapo.

Kabla ya vipimo, usalama. Ndani ya hiyo Bassman kuna volti 440 na zaidi, na kapasita za chujio zinabaki na chaji hata ukichomoa waya ukutani. Zima, chomoa, subiri, kisha punguza chaji kwa rezista ya omu elfu 10 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye ngozi nene, na uhakikishe kwa mita kwamba imebaki sifuri. Ukipima ikiwa hai, mkono mmoja uwe mfukoni. Kama hujawahi kufanya haya, tafuta fundi akae nawe. Na usiiwashe hata sekunde bila spika kuunganishwa.

Fanya hivi: weka kile kitufe kidogo cha bayasi katikati. Toa valvu zote mbili kubwa, washa, pima mguu wa 5 wa soketi zote mbili. Zima. Kisha funga rezista ya omu 1 kati ya mguu wa 8 na chasi kwenye kila soketi, rudisha valvu, washa, soma milivolti. Kwa omu 1, milivolti moja ni miliampea moja, hesabu haikuchoshi. Halafu zima, ibadilishe valvu ya kulia iende kushoto na ya kushoto iende kulia, usome tena. Niletee namba.

KijanaWaSteji

Fundi, shikamoo. Kwa nini abadilishane valvu?

FundiValvu_Msa

Marahaba mwanangu. Kujua kosa linamfuata nani. Mkondo mkubwa ukihama pamoja na valvu, valvu ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye soketi ileile, valvu haina hatia.

BesiTanga

Shikamoo mzee wangu. Nimekwenda kwa kaka mmoja hapa Ngamiani anayetengeneza redio, tumekaa naye mchana kutwa Jumamosi. Namba hizi:

Mguu wa 5 bila valvu: soketi ya kushoto volti -47, ya kulia -39.
Volti ya sahani: 448.
Valvu kama zilivyokuwa: kushoto miliampea 31, kulia 50.
Baada ya kubadilishana: kushoto 21, kulia 63.

Tulisoma dakika tano za mwanzo tu kisha tukazima, kama ulivyosema. Ila ile kulia yenye 63 ilianza kunukia joto.

FundiValvu_Msa

Kazi safi, na msalimie huyo kaka. Soma namba zako mwenyewe uone zinavyoongea. Soketi ya kulia inapata mkondo mkubwa uweke valvu yoyote. Na mguu wake wa 5 una volti 8 pungufu hata kukiwa hakuna valvu. Inua mguu mmoja wa ile kapasita ya 0.1 inayokwenda soketi ya kulia, pima tena. Volti zikirudi sawa na za kushoto, umemkamata.

Lakini tazama na jambo la pili. Kwenye soketi ya kushoto, ambayo haina kosa, valvu moja inasoma 31 na nyingine 21. Kwa hiyo hata baada ya kutengeneza, hizo mbili si pea. Moja imechoka. Itazame ile rangi ya fedha iliyopakwa juu ndani ya kioo: nadhani ya mmoja imefifia pembeni, imekuwa ya kahawia. Ikiwa nyeupe kabisa, hewa imeingia, ni ya kutupa.

Kwa mpiga gitaa la solo, pea isiyolingana inavumilika, wengine hata wanaipenda. Kwa besi hapana. Valvu zako mbili zinafanya kazi kwa kusukuma na kuvuta ndani ya transfoma moja. Mikondo yao ikilingana, sumaku zao zinafutana ndani ya chuma. Mmoja akizidi kwa miliampea 30, chuma kinajaa upande mmoja kabla hujagusa waya, na kinachokosa nafasi ni noti za chini. Waya wa E wa besi ni hezi 41. Hapo ndipo sauti yako ilipolegea. Na ule mvumo ni vilevile: mnong'ono wa umeme unaofutwa na pea iliyolingana unabaki bila wa kuufuta.

Sasa ukishamaliza kapasita (badilisha zote mbili za 0.1, na ya bayasi, na za chujio kama ni zilezile za kiwandani), pima pia rezista nne kwenye soketi: mbili za omu 470 za skrini (gridi ya pili ya valvu), kati ya miguu ya 4 na 6, na mbili za omu 1500 za gridi, kati ya 1 na 5. Za skrini huungua valvu ikiwaka. Ndipo tuzungumze ununuzi.

Mwanamuziki254

Nimejifunza, fundi. Ila bado nasimama na RCA.

FundiValvu_Msa

Ndugu yangu, RCA nazipenda, na hao RCA ndio waliozaa 6L6 mwaka 1936. Ila ya mwanzo ilikuwa na uwezo wa wati 19 tu kwenye sahani. Ile 5881 ya Tung-Sol iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 50 ni wati 23, volti 400 za sahani kwa kitabu cha kiwanda. 6L6GC, ambayo Bassman ya miaka ya 60 na 70 iliundwa kuitumia, ni wati 30 na volti 500. Herufi mbili za mwisho zina kazi. Kwa volti 448 za BesiTanga, ukimletea 5881 ya kale ya Marekani umeshavuka kitabu kabla hajapiga noti.

Za zamani ambazo kweli hazijatumika zimebaki chache, na zilizobaki nyingi zimechujwa na watu waliotangulia. Nimeletewa hapa maboksi yenye maandishi mapya juu ya kioo cha zamani, yanafutika kwa kidole chenye jasho. Kama unapiga dansi usiku mzima, spika zinatetemesha kichwa, chombo kinapakiwa kwenye pikapu Jumamosi na kushushwa Jumapili, weka pesa hiyo kwenye spika na kapasita.

BesiTanga

Na KT88? Na EL34?

FundiValvu_Msa

KT88 sitakuruhusu, na nitakuambia kwa nini badala ya kukuambia hapana tu. Hita, ule waya wa kuipasha valvu joto, kwa 6L6GC moja inakula ampea 0.9. Mbili ni 1.8. KT88 moja ni 1.6, mbili 3.2. Transfoma yako ya umeme haikufungwa nyaya kwa ampea hizo za ziada, itapika. Na nguvu hutapata: wati zinaamuliwa na volti na transfoma ya kutolea sauti, nazo hujazigusa. Umeongeza mzigo tu.

EL34 hita yake ni 1.5, kosa ni lilelile. Tena kuna mtego wa pili. Kwenye EL34 mguu wa 1 ni gridi ya tatu, inatakiwa iungane na katodi, mguu wa 8. Kwenye 6L6GC mguu wa 1 hauna kazi, kwa hiyo Fender waliutumia kama kigingi cha kufungia ile rezista ya 1500. Ukichomeka EL34 bila kuhamisha waya, gridi ya tatu inakaa kwenye volti hasi ya bayasi. Aliyekushauri hivyo hajafungua Bassman.

Kwa hiyo ni 6L6GC. Zinazotengenezwa leo kwa wingi zinatoka mahali pachache: JJ kule Čadca, Slovakia; kiwanda cha Saratov, Urusi, kinachotoa Sovtek, Electro-Harmonix, na hizo Tung-Sol na Mullard za sasa, maana majina yalinunuliwa; na Wachina. Mwaka 2022 Urusi ilipozuia kuuza nje, bei zilipanda karibu wiki hiyohiyo, na hapo watu ndio waligundua boksi nne tofauti madukani zilikuwa na baba mmoja.

Kwa besi, maoni yangu: JJ 6L6GC ina chini nene na inavumilia volti. Tung-Sol ya sasa iko wazi zaidi katikati, ukipiga kwa ukucha au plektra utaisikia. Sovtek 5881WXT ni ya asili ya kijeshi ya Kisovieti, 6P3S-E, imejengwa kama jiwe, haitetemeki, ila ni ndogo kwa uwezo, wati ishirini na kidogo, kwa hiyo bayasi yake iwe ya baridi, yaani mkondo mdogo. Tofauti zipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti ya pea iliyolingana na isiyolingana. Nunua kwa anayekuandikia kwenye boksi alipima kwa volti ngapi na mkondo ulikuwa ngapi. Neno "pea" peke yake halitoshi.

DadaLehemu

Hilo la mwisho naliunga mkono kwa mguu na mkono. Niliagiza "pea" kutoka duka moja la mtandaoni, nikapima: 28 na 44. Nilipolalamika wakanijibu zinatoka kiwanda kimoja na wiki moja. Sasa sinunui bila namba.

Rumba_Minneapolis

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mzee fundi, mimi nina kichwa (amplifaya isiyo na spika) cha Ampeg SVT, kile kikubwa cha wati 300. Mafunzo haya yananihusu?

FundiValvu_Msa

Yanakuhusu mara tatu, kwa sababu una valvu sita, tatu kila upande. SVT ilipotoka 1969 ilitumia 6146B, baadaye wakahamia 6550. Hizo mbili haziingiliani hata kidogo, kwa hiyo tazama kwanza chako kimefungwa kwa ipi. Sahani zake zinakaa karibu na volti 700, na hapo valvu dhaifu haifiki mwezi. Nunua sita zilizolinganishwa pamoja, usibadilishe moja moja, na akikuambia mtu KT88 ya bei rahisi ni sawa na 6550, muulize imepimwa kwa volti ngapi.

Mwl_Umeme

Samahani kuingilia, nafundisha umeme Dodoma. Hakuna aliyemuuliza BesiTanga anaiwasha kwa umeme gani. Kama hiyo Bassman ni ya soko la Marekani, transfoma yake ni ya volti 117, hezi 60. Hapa tuna 230, hezi 50. Unatumia nini kushusha?

BesiTanga

Mwalimu, natumia kiboksi kilichoandikwa 230 kwenda 120. Chepesi, kinaingia mkoba.

Mwl_Umeme

Kiondoe leo. Vile vyepesi vinakatakata umeme, vimetengenezwa kwa pasi na vikausha nywele. Unahitaji transfoma ya chuma, wati 500, nzito ya kukuchosha mkono, na yenye waya wa ardhi unaofika kwenye chasi. Ikitoa 110 badala ya 120, hezi 50 zikizingatiwa, ni heri zaidi: chuma kilichopangiwa hezi 60 hupata joto zaidi kwenye 50, na kuishusha volti kidogo kunakipumzisha.

Tena pima saa ileile unayopiga. Mwanangu anapiga kinanda, nimeona soketi zetu zikifika 245 usiku wa manane. Kwa kiboksi cha 230 kwenda 120 hiyo inakuwa karibu 128. Sahani iliyopangiwa 440 inapanda kuelekea 480, na hita ya 6.3 inasogea 6.9, ambayo ndiyo mwisho wa asilimia 10 zinazoruhusiwa. Ukiweka bayasi mchana umeme ukiwa chini, usiku valvu zako zinafanya kazi nyingine kabisa.

FundiValvu_Msa

Mwalimu, nakushukuru, hilo lilipaswa kuwa swali langu la kwanza. Na tukiwa hapo: nyuma ya Bassman kuna swichi ya ardhi yenye kapasita inayounganisha waya wa umeme na chasi. Ukifunga waya wa nyaya tatu, itoe kabisa. Ikipasuka na kuunganika, chasi inapata umeme, na wewe umeshika nyaya za chuma za gitaa.

BesiTanga

Nimerudi, wakuu. Imechukua wiki saba kwa sababu ya kusubiri mzigo.

Kapasita ya kulia ilikuwa inavuja kweli. Tulipoinua mguu wake, volti zikarudi -47 pande zote, na yule kaka wa Ngamiani akapiga kofi moja kubwa mezani kwa furaha. Tumebadilisha za 0.1 zote mbili, ya bayasi, na za chujio zote. Rezista moja ya skrini ilisoma omu 900 badala ya 470, ikaenda. Kapasita ya swichi ya ardhi imetoka. Valvu za zamani baada ya hapo: 33 na 22, na ile ya 22 rangi yake ya fedha imefifia kama alivyosema mzee. Nimepata transfoma ya chuma ya kushusha, kilo saba.

Kitufe cha bayasi kwenye hii yangu kinasawazisha tu, hakipandishi wala kushusha, kwa hiyo kaka ameongeza kingine cha kurekebisha zote mbili kwa pamoja. Nimenunua JJ, boksi limeandikwa namba. Vipimo vya saa mbili usiku: sahani 452, kushoto 38, kulia 40. Hesabu yangu: wati 17.2 na 18.1. Je, nipandishe? Nimesoma mahali asilimia 70 ya wati 30, yaani 21.

FundiValvu_Msa

Acha hapohapo. Hiyo asilimia 70 ni mpaka wa juu, si shabaha. Na kipimo chako cha mguu wa 8 kimejumlisha mkondo wa skrini, kwa hiyo sahani zinabeba kidogo pungufu. Kwa besi unataka nafasi ya kusukuma na valvu zikae miaka. Karibu 60 ni pazuri. Pima tena baada ya saa kumi za kupiga, zikishatulia.

KijanaWaSteji

Mkuu tuambie sauti basi!

BesiTanga

Jana tulifanya mazoezi Makorora, saa tatu bila kuzima. Sikuweka sauti zaidi ya nne. Mvumo hakuna, ukiwa kimya unasikia feni tu ya dari. Tulipoingia kwenye sebene nikashika E ya chini na kuiacha, na haikulegea, ilikaa mpaka mpiga ngoma akageuka kuniangalia. Mama yake mjomba alikuwa nje chini ya mwembe, akatuma mtoto aje kuuliza kama ile ni mashine ya marehemu.

Zile valvu za zamani sijazitupa. Ile ya 33 nimeifunga kwa gazeti, nimeandika tarehe na kipimo. Mwenye 6L6GC moja ya zamani inayosoma karibu na 33 kwa volti 448 na bayasi -47, aniandikie, nipate pea ya akiba.